Can, Must, Shall: Vitenzi vya Hali katika Kiingereza

Kiingereza kina kikundi kidogo cha vitenzi visaidizi ambavyo havitaji tendo, bali huonyesha msemaji anavyolitazama tendo hilo: linawezekana, limeruhusiwa, ni wajibu, au ni jambo analokisia tu. Ni tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Kando yake kuna ought to, need na dare, ambavyo mara hufuata kanuni za wenzao hawa na mara hufuata za vitenzi vya kawaida. Hapa tutaviita vitenzi vya hali.

Kwa umbo, ni vitenzi vyenye upungufu. Havipokei -s ya nafsi ya tatu umoja, hivyo ni she can swim, wala si she cans swim. Havina kitenzijina wala umbo la -ing. Kitenzi kinachofuata husimama bila to, isipokuwa baada ya ought. Kukanusha ni kuongeza not. Kuuliza ni kukitanguliza kitenzi mbele ya mtendaji, Can she swim?, bila msaada wa do. Mzungumzaji wa Kiswahili hujikwaa hapa mapema, na chanzo chake kinaonekana wazi. Sisi husema anaweza kuogelea, na ku- ile ndiyo hasa kazi ya to. Anayeandika she can to swim hajazembea. Ameifuata lugha yake neno kwa neno, na mwalimu akimwonyesha hilo atasahihika upesi kuliko akikariri kanuni.

Upungufu huo una historia. Katika Kiingereza cha Kale, mababu wa can, may na shall walikuwa vitenzi kamili vyenye maana nzito: cunnan ilikuwa kujua, magan kuwa na nguvu, sculan kudaiwa. Maumbo yao ya wakati uliopo yalikuwa yametokana na maumbo ya zamani ya wakati uliopita, ambayo katika nafsi ya tatu hayakubeba kiishio cha wakati uliopo. Ndiyo maana hadi leo he cans haipo. Must nayo ilianza ikiwa umbo la wakati uliopita, na hivyo leo haina wakati uliopita wake yenyewe. Herufi l iliyo katika could haikuwahi kuwa na asili humo. Iliingizwa katika tahajia kwa kuigiza should na would, ambazo zilikuwa nayo kwa haki.

Safari hii ya kutoka kitenzi kamili hadi kisaidizi si ngeni kwetu. Tunasema anajua kuogelea tukimaanisha anaweza. Will, iliyoanza ikiwa kutaka na kuishia kuwa alama ya wakati ujao, imepita njia ile ile ya -ta- yetu, ambayo asili yake ni taka. Umbo kamili bado limo katika atakayekuja na watakapofika.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka ni kwamba karibu kila kitenzi cha hali kina kazi mbili. Ya kwanza humhusu mtendaji: ana uwezo, ana ruhusa, ana wajibu. Ya pili humhusu msemaji na kiwango cha uhakika wake. You must rest ni wajibu: lazima upumzike. You must be tired haimwamuru mtu achoke. Maana yake ni bila shaka umechoka. Vivyo hivyo, You may go ni ruhusa, ilhali It may rain ni huenda ikanyesha. Mtu akibisha hodi, Mwingereza anaweza kusema That must be Asha akiwa na sababu za kuamini hivyo, That will be Asha akiwa alimtarajia, That might be Asha akiwa anabahatisha, na That can't be Asha akiwa anajua Asha yuko safarini. Kiswahili hugawa kazi hiyo kwa maneno tofauti: bila shaka ni Asha, atakuwa Asha, huenda ni Asha, haiwezi kuwa Asha. Anayejua must kwa maana ya lazima pekee atasoma nusu ya Kiingereza vibaya.

Alama zipo za kumsaidia msomaji. Kitenzi kinachofuata kikiwa cha hali tulivu, kama be au know, mara nyingi ni makisio. Must ikifuatwa na have na kitenzi cha wakati timilifu, ni makisio karibu daima: He must have left ni bila shaka ameondoka. Ukitaka kusema alilazimika kuondoka, unaiacha must na kuchukua had to: He had to leave. Should have ina njia yake: You should have told me ni lawama, ulipaswa kuniambia na hukuniambia.

Ukanushi wa must ndio unaoleta madhara makubwa zaidi, na hapa inafaa kwenda polepole. Kwa Kiswahili, lazima uje hukanushwa kwa kutia si mwanzoni: si lazima uje. Hapo wajibu umeondolewa, na anayetaka kuja bado anakaribishwa. Kwa mazoea hayo, mtu huona must akaongeza not na kumwandikia mgeni wake You must not come tomorrow, akidhani amempa nafuu. Amempiga marufuku. Neno not hapo halikanushi wajibu. Linakanusha tendo lenyewe: una wajibu wa kutokuja. Si lazima uje ni You don't have to come au You needn't come. Na must ya makisio hukanushwa kwa njia ya tatu kabisa, kwa can't: He must be at home, kinyume chake He can't be at home. Umbo moja la kukubali lina kanusho tatu, kila moja na maana yake.

Kosa jingine linalosikika sana Afrika Mashariki ni he can be able to. Can na be able to ni maana ile ile mara mbili. Kiingereza sanifu hakiruhusu vitenzi viwili vya hali kufuatana, ingawa Uskoti na kusini mwa Marekani watu husema might could katika mazungumzo. Be able to ipo hasa ili kuziba pengo hilo: huenda akaweza ni he might be able to, na ataweza ni he will be able to.

Would nayo huwasumbua wasemaji wa Kiswahili kwa sababu ya -nge-. Sisi huirudia pande zote mbili: ningekuwa na fedha ningenunua shamba. Kiingereza huiweka would upande wa matokeo tu, na upande wa sharti hutumia wakati uliopita: If I had money, I would buy a farm. If I would have money ni -nge- yetu iliyovikwa nguo za Kiingereza.

Kwa nini wakati uliopita kwa jambo ambalo halijapita? Kwa sababu umbo hilo huonyesha umbali, na umbali si wa saa tu. Could you help me? ina adabu kuliko Can you help me? kwa sababu hiyo hiyo. Anayesema Shikamoo mzee, nilikuwa naomba unielekeze kituo cha basi haelezi alichoomba jana. Ameirudisha nyuma haja yake hatua moja ili asimkabili mkubwa ana kwa ana.

Katika sheria, vitenzi hivi hubeba mamlaka. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kinaeleza kwamba may inapotoa mamlaka, mwenye mamlaka hayo ana hiari ya kuyatumia au kuacha. Shall inapotoa jukumu, ni lazima litekelezwe. Kiswahili cha sheria huifasiri shall kwa -ta-. Katiba ya 1977 inaposema kutakuwa na Waziri Mkuu, haitabiri, inaagiza. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, uzito huo wa -ta- unamhusu kila anayefasiri sheria za zamani.

Kenya imeonyesha jinsi neno shall linavyoweza kubishaniwa. Kifungu cha 81 cha Katiba ya 2010 kinasema kwa shall kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishauri kuwa lengo hilo lifikiwe hatua kwa hatua, na sheria yake iwepo kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Sheria hiyo haikupitishwa. Kwa hiyo, tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge, akitumia kifungu cha 261, ambacho nacho kimeandikwa kwa shall: Jaji Mkuu atamshauri, Rais atalivunja. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muhula wake.