Haki ya Kuhamisha Mafao ya Uzeeni nchini Uingereza, 1975–2021

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mfanyakazi wa Uingereza aliyeacha kazi kabla ya kustaafu mara nyingi alirudishiwa michango yake mwenyewe tu, huku ile ya mwajiri ikibaki katika mfuko wa pensheni kuwanufaisha waliodumu. Sheria iliyopitishwa mwaka 1973, na ambayo ulinzi wake ulianza Aprili 1975, ilimhifadhia pensheni mtu mwenye umri wa miaka 26 na uanachama wa miaka mitano, ila haikumruhusu kuiondoa ilipokuwa. Ruhusa hiyo ililetwa na sheria ya 1985, iliyompa aliyeacha kazi kuanzia Januari 1986 haki ya kudai thamani ya mafao yake, ilipwe si mkononi mwake bali kwa mfuko mwingine.

Wa kwanza kunufaika walikuwa wauzaji wa bima. Pensheni binafsi walizoziuza zilipoingia sokoni mwaka 1988, wachimbaji wa makaa ya mawe, wauguzi na walimu walishawishiwa, kwa hasara yao, kuyaacha mafao ya uhakika, yaani pensheni inayokokotolewa kwa mshahara na miaka ya kazi, na fidia iliyofuata ilizidi pauni bilioni 11.

Hata hivyo, mwaka 2014 waziri wa fedha, George Osborne, alitangaza kwamba wenye miaka 55 na zaidi wangechota akiba zao za pensheni watakavyo kuanzia Aprili 2015. Sheria ya 2015 ikatambulisha mafao nyumbufu, ambayo kiwango chake hutegemea fedha zilizotengwa kwa ajili ya mwanachama, na ikaigawa haki ya kuhamisha kulingana na aina ya mafao, hata mwenye aina mbili katika mfuko mmoja akaweza kuondoa moja na kuiacha nyingine. Tofauti na ile ya mafao ya uhakika, haki ya kuhamisha mafao nyumbufu haikukoma mwaka mmoja kabla ya umri wa kustaafu. Kwa upande mwingine, mwenye mafao ya uhakika yaliyozidi pauni 30,000 alilazimika, kabla ya kuyageuza kuwa nyumbufu, kupata ushauri wa mtaalamu aliyeidhinishwa, nao wadhamini wa mfuko wakatakiwa kuthibitisha kwamba ameupata.

Udhaifu wa sharti hilo ulidhihirika kuanzia mwaka 2017, wanachama wapatao 8,000 wa mfuko wa pensheni wa kampuni ya chuma ya British Steel walipohamisha karibu pauni bilioni 2.8, idadi kubwa yao kwa ushauri usiowafaa. Kanuni za Novemba 2021 ziliwapa wadhamini uwezo wa kuzuia uhamisho wenye dalili za utapeli, lakini kuupima ubora wa ushauri wenyewe hakukuwa miongoni mwa majukumu yao.