Zingefuri: Rangi Nyekundu na Mkono wa Mtoto

Katika pwani ya Afrika Mashariki hustawi mti mdogo uitwao mzingefuri. Matunda yake ni vifuko vyenye miiba laini isiyochoma, na ndani yake mna mbegu zilizofunikwa na utando mwekundu, ambao humwachia mtu rangi vidoleni mara azishikapo. Rangi hiyo huitwa zingefuri. Asili ya mti ni nchi za joto za Amerika, ambako wenyeji walijipaka rangi yake mwilini kabla ya merikebu za Wazungu kufika. Baada ya hapo ukaenea katika nchi za joto duniani kote. Walakini jina lake halikutoka Amerika. Neno zingefuri limetokana na neno la Kiarabu zunjufr, lenye nasaba na Kiajemi, na maana yake ya kwanza si mmea hata kidogo. Ni jiwe jekundu lenye zebaki na kiberiti, ambalo wachoraji na wapambaji wa vitabu walilisaga ili kupata wekundu ung'aao. Hivyo jina moja limebeba vitu viwili: kimoja hutiwa katika chakula, na cha pili ni sumu.

Jicho peke yake haliwezi kuvitenga vitu hivyo. Wekundu ni wekundu, na mtoto anayepewa kitu chekundu haulizi kimetoka mtini ama machimboni. Hukitazama, hukishika, kisha hukitia kinywani. Kwa sababu hiyo historia ya rangi za watoto, tangu peremende mpaka kalamu za nta za kuchorea, ni historia ya watu wazima kujifunza polepole kuuliza swali ambalo mtoto hawezi kuliuliza.

Mwaka 1820 Friedrich Accum, mkemia Mjerumani aliyekaa London, alitoa kitabu juu ya vyakula vilivyoghushiwa na sumu zilizomo jikoni. Katika kitabu hicho alieleza kwamba peremende nyekundu zilizouzwa mjini zilitiwa rangi ya zebaki, ambayo nayo aghalabu ilichanganywa na risasi nyekundu, na kwamba vitamu vingine vilipakwa rangi zitokanazo na shaba. Lakini kisa chenye mafunzo zaidi kilihusu jibini. Bwana mmoja alishikwa na maumivu makali ya tumbo, yakapoa, kisha yakarudi. Alipokumbuka vyakula vyake aliona kwamba kila mara alikuwa amekula jibini ya Gloucester iliyochomwa. Jibini ilipopimwa ilionekana ina risasi.

Ilipofuatwa njia ya sumu, hakuonekana mtu hata mmoja aliyekusudia kumdhuru mwenziwe. Mfanya jibini alitia zingefuri ya mmea, kama ilivyokuwa desturi, ili jibini ivutie macho ya mnunuzi. Aliyemwuzia zingefuri hiyo aliiona imefifia, akaikoleza kwa rangi ya zebaki. Naye aliyeuza rangi ya zebaki, akidhani inakwenda kupaka kuta na milango, aliizidisha uzito kwa risasi nyekundu, kwa kuwa risasi ilikuwa rahisi. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na kila mmoja alitazama hatua yake tu. Rangi ya mmea ilikutana na rangi ya jiwe, zingefuri kwa zingefuri, na mlaji ndiye aliyelipa.

Katika karne hiyo hiyo kemia ilibadili biashara yote ya rangi. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kilianza kuuza nili isiyotoka katika mnili. Mashamba ya mimea ya rangi yalipungua thamani. Rangi zikawa nyingi, kali na rahisi, hata mtoto wa mtu wa kawaida akaweza kuwa na kisanduku chake mwenyewe. Mwaka 1903 kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilitoa kalamu za nta ya parafini zilizoitwa Crayola, rangi 8 kwa senti 5. Jina lilitungwa na Alice Binney, aliyepata kuwa mwalimu, kwa kuunga neno la Kifaransa la chaki na neno lenye maana ya mafuta. Kabla ya hapo kampuni hiyo ilijulikana kwa masizi meusi na kwa rangi nyekundu ya kutu ya chuma iliyopakwa katika maghala ya wakulima. Kutoka ukuta wa ghala mpaka vidole vya mwanafunzi palikuwa na hatua chache tu.

Kuwa hatua hizo zaweza kuwa za hatari kulidhihirika Australia. Huko Brisbane madaktari waliona watoto wenye kupooza viungo na wenye macho yaliyodhoofika. Mwaka 1904 daktari wa macho John Lockhart Gibson alishikilia kwamba chanzo ni rangi ya risasi iliyopakwa katika nguzo na kuta za baraza: jua liliigeuza unga, watoto wakaushika, kisha wakanyonya vidole na kuuma kucha. Wengi hawakusadiki. Sheria ya jimbo la Queensland ya kuzuia rangi hiyo mahali panapofikiwa na watoto ilikuja mwaka 1922, yaani miaka 18 baadaye. Nchini Marekani, tangu mwaka 1940, watengenezaji wa vifaa vya kuchorea walianza kuvipitisha kwa wataalamu wavipime na kuvitia alama ya usalama. Hata hivyo, mwaka 1994 serikali ya nchi hiyo ililazimika kuamuru aina kadhaa za kalamu za nta kutoka ng'ambo ziondolewe madukani kwa kuwa zilikuwa na risasi.

Si ajabu basi kwamba wako watu waliogeuza nyuso zao na kuurudia mmea. Kazi yenyewe si ngumu kuifahamu. Rangi ya mzingefuri huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huingia vizuri katika nta ya nyuki iliyopashwa moto, kisha nta humiminwa katika kalibu ikaganda. Manjano huhitaji njia nyingine: huchemshwa majini, hutiwa shabu, kisha magadi kidogo kidogo, mpaka rangi ishikamane na shabu na kutuama chini kama tope. Tope hilo hukaushwa, husagwa, na unga wake huchanganywa na nta. Lakini rangi hizi zina upungufu wake. Manjano na zingefuri hufifia upesi zikikaa juani, wala hazifikii ukali wa rangi za kiwandani.

Tena mmea hauwi salama kwa kuwa ni mmea. Wachoraji wa Ulaya walitumia kwa muda mrefu rangi ya manjano iitwayo gamboji, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Rangi hiyo yatoka mtini bila shaka, nayo ni haluli kali iwezayo kumdhuru vibaya mwenye kuila. Wala mmea ulio salama haubaki salama ukishapita mikononi mwa watu. Huko Bangladesh wasindikaji waliung'arisha mzizi wa manjano kwa kromati ya risasi ili upendeze sokoni. Mwaka 2019 uchunguzi ulionyesha risasi katika asilimia 47 ya sampuli za manjano zilizotoka masokoni. Serikali na watafiti walipowaonya wauzaji na wanunuzi, na sheria ilipotekelezwa sokoni, sehemu hiyo ilishuka hadi sufuri mwaka 2021. Kisa cha jibini ya Gloucester kilikuwa kimerudi baada ya karne mbili, na safari hii dawa yake ilipatikana katika miaka miwili tu, kwa kuwa palikuwapo watu walioifuata njia ya sumu toka mwanzo hadi mwisho.

Mzingefuri hulimwa Kwale na Lamu nchini Kenya, na mavuno yake hupelekwa nchi za ng'ambo kutia rangi siagi na jibini. Fundi wa leo atakaye kumfanyia mtoto kalamu nyekundu kwa mbegu hizo ana mali njema mkononi. Lakini baina ya mti na kinywa cha mtoto kuna mvunaji, mkaushaji, mchuuzi, msagaji na mwenye kalibu, na kila mmoja wao yampasa kuuliza lile ambalo muuza rangi wa Uingereza hakuuliza alipopima risasi yake: kitu hiki kinakwenda kwa nani?