Kusoma agronomi chuo kikuu: si kufundishwa kushika jembe

«Mtoto asome miaka tano juu ya kujua kulima?» Wazazi wengi wa kwetu Kivu wanauliza hivyo kijana anapochagua fakulte. Wanaeleweka: wao wamelima bila kusoma. Lakini kuna swali lingine lenye kuwasumbua: kwa nini shamba lililokuwa linatoa vizuri leo halitoi tena? Masomo ya agronomi yanaanzia hapo.

Udongo

Chukua Walungu, Kivu Kusini. Sehemu nyingi udongo wake ni wa zamani, umechoka na una asidi. Aluminiamu iliyomo inaharibu mizizi, na fosforasi inanaswa ndani ya udongo, mmea hauipati. Mtu anaweza kutia mbolea na bado maharagi yakabaki dhaifu. Mwanafunzi anajifunza kupima asidi kwanza, kisha kuamua: chokaa, samadi, ao mbolea gani na kiasi gani.

Mimea

Anajifunza pia namna vijidudu vya kwenye mizizi ya maharagi vinavyochukua azoti ya hewani, namna ya kuchagua mbegu, na kutambua magonjwa kama mozaiki ya mihogo. Kuna pia mnyauko wa ndizi, unaoenezwa hata na panga lisilosafishwa.

Miaka na vyuo

Kuingia kunaomba diploma ya Serikali. Mwaka wa kwanza una kemia, biolojia na hesabu nyingi. Katika mfumo wa LMD, licence ni miaka 3, master miaka 2. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, kisha miaka 2 ya kutoka enjenia agronome.

Bukavu, fakulte iko Université Évangélique en Afrique na Université Catholique de Bukavu. Butembo, iko Université Catholique du Graben. Katika Tshopo kuna IFA-Yangambi.

Mbele ya kulipa minervali

Uliza: laboratwari inafanya kazi? Kuna shamba la majaribio? Staji inafanyika wapi? Maana mtu anaweza kumaliza miaka yote hiyo bila kuchimba hata shimo moja la kutazama matabaka ya udongo. Huyo atarudi nyumbani na karatasi, lakini siku mama atamuonyesha maharagi yaliyogeuka njano, atakosa la kumjibu.