Nani Alilipia Shule Zetu? Milimani na Tambarare katika Wilaya ya Mwanga

Matokeo ya Darasa la Saba yakitoka tu, simu zinaanza kulia kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko: shule yetu imekuwa ya ngapi? Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini sisi tunaendelea kuzipanga wenyewe. Tukishazipanga, hukumu ni ileile: watu wa milimani wanapenda elimu, watu wa tambarare hawajali. Ukiipima hukumu hiyo kwa historia ya fedha za shule zetu, haisimami.

Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900. Walipanda mlimani kwa sababu zilezile zilizowaweka babu zetu huko: maji, hewa ya baridi, migomba, na watu wengi mahali pamoja. Shule ikafuata kanisa. Kisha, baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vyake. Shule ya mwalimu mmoja na paa la nyasi haikupata kitu. Hapo fedha ya umma ilianza kumfuata aliyekwisha kutangulia. Mzazi wa mbali na misheni, au Mwislamu aliyesita kumpeleka mwanawe huko, alilipa kodi kama wengine.

Na kuhusu kodi, Upare tuna la kusimulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ililetwa kodi ya mbiru, iliyompima kila mtu kwa mali yake, ili kujaza hazina ya wenyeji. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka hadi Same kuipinga, na baadaye akina mama wa Usangi nao waliandamana. Tunaisimulia mbiru kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini wazee wetu hawakukataa kutoa. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana. Walichokataa ni kupimwa kwa kipimo wasichokielewa.

Kutoa walikujua vizuri, na hasa kwa mikono. Msaragambo uliochimba ndiva na mifereji ndio uliobeba mawe na mchanga wa madarasa, na fedha ya kahawa ikanunua bati. Tambarare hakukuwa na kahawa. Kulikuwa na mashamba ya mkonge kama Kisangara, yenye vibarua waliotoka mbali, na baada ya bwawa la Nyumba ya Mungu kujengwa miaka ya 1960 wakaja wavuvi. Msaragambo unataka watu wanaojuana kwa ukoo na kwa mpaka wa shamba. Huwezi kumlaumu kibarua wa mkataba kwa kutokuwa nao.

Serikali ilizichukua shule kwa sheria ya mwaka 1969, ikafuta ada ya shule za msingi mwaka 1973, na mwaka 1977 ikaja UPE. Kijiji kisichokuwa na misheni wala kahawa kikapata shule, mara nyingi na vijana wa Darasa la Saba waliojifunza ualimu wakiwa kazini. Wakati huohuo nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa kwa mafungu ya mikoa, na watoto wengi wa Kilimanjaro walifaulu wakabaki nje. Tukajibu kwa kujenga sekondari zetu wenyewe. Ilikuwa kazi nzuri, ila nguvu na fedha zote zilielekea huko. Shule za msingi tulizosomea zikabaki na madawati tuliyoyaacha. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri nazo zikazidi kutegemea fedha kutoka juu.

Leo fedha hiyo, kwenye karatasi, ni sawa kwa wote: ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Chukueni shule mbili za mfano. Ya mlimani ina watoto 120, kwa hiyo inapata 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi za chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Kwa uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 inastahili walimu 3, lakini ina madarasa 7 ya kufundisha. Ya tambarare ina watoto 900. Inapata 450,000 kwa mwezi, na inahitaji walimu 20 na vyumba 20, ambavyo ruzuku hiyo haiwezi kujenga. Moja inakufa kwa uchache, nyingine kwa wingi. Alama za mtihani hazikuonyeshi tofauti hiyo.

Na hao 900 ni akina nani? Vijana wetu wameshuka kufuata barabara kuu na biashara. Wengi wa watoto tunaowaita wa tambarare ni wajukuu wa milimani. Lakini kwenye harambee mtu huchangia shule aliyosoma yeye, na shule yenye wahitimu wengi mjini ndiyo inayopata. Ni ruzuku ya 1925 tena, safari hii kwa mikono yetu.

Kabla ya siku ya harambee, kila tawi lilete kutoka kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule namba nne: wanafunzi, walimu, vyumba vya madarasa, na ruzuku iliyopokelewa kwa mwaka. Fomu ya ahadi ina nafasi mbili: moja ya shule unayoitaja mwenyewe, nyingine ya shule ambayo namba hizo zitaonyesha ina upungufu mkubwa zaidi.