Wanga wa Nguo na Mabibi Waliohama Nao

Mabinti zetu wengi siku hizi wameingia katika kazi ya kushona mifarishi ya viraka, na baadhi yao wanataka kutumia kanga za marehemu bibi zao. Sasa kanga iliyovaliwa na kufuliwa miaka 30 au 40 huwa laini mno. Mkasi ukiingia inavutika, na viraka havilingani. Ndipo likaja suala: mabibi walikuwa wakitia nini katika nguo hata ikasimama? Jawabu ni neno moja, wanga. Lakini habari yake ni ndefu kidogo, na inawahusu sana watu waliohama makwao.

Tuanze na hapa Uingereza tunapoishi. Katika karne ya 16 wakubwa wa nchi hii walivaa kola kubwa za kitani, zenye mikunjo mingi, zikizunguka shingo kama sahani. Kitani hakisimami hivyo bila ya wanga, na waliojua kuupika walikuwa wachache. Mwaka 1564 alifika London mwanamke wa Flanders aitwaye Dinghen van den Plasse, yeye na mumewe, wakitafuta usalama. Akaendesha maisha kwa kazi ya kutia nguo wanga, mpaka mabibi wa Kiingereza wakawa wanampelekea mabinti zao kujifunza. Waandishi wa tarehe wa zama zile wanasema akitoza paundi 4 au 5 kwa mwanafunzi, na shilingi 20 zaidi kwa kufundisha namna ya kuupika wanga wenyewe. Zilikuwa fedha nyingi. Mgeni ndiye aliyewafundisha wenyeji.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1583 Philip Stubbes alitoa kitabu cha kukemea anasa, na humo akaulaani wanga kuwa ni kazi ya shetani. Tena wanga wa siku hizo ukitoka katika ngano, kwa hiyo miaka ya uhaba ilikuwa lawama kubwa kwamba chakula cha maskini kinavaliwa shingoni na matajiri. Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1840 Orlando Jones alipata hati ya kulinda njia yake ya kutoa wanga katika mchele, na mwaka 1842 Thomas Kingsford huko Marekani akautoa katika mahindi. Wanga wa pakiti ukaenea madukani.

Kwetu Unguja na pwani nzima haukuhitaji duka. Upo mmea uitwao uwanga, ambao kiazi chake hutoa unga mweupe. Upo muhogo, ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Na yapo maji ya wali. Muhogo ulimenywa, ukakunwa, ukatiwa maji na kukamuliwa kwa kitambaa. Maji yale yakiachwa yatulie, wanga hutuama chini. Ya juu humwagwa, na kilichobaki huanikwa juani mpaka kikauke. Mwenye haraka alichukua maji mazito ya wali akayachuja, basi.

Kofia ya viua ndiyo iliyotaka ustadi hasa. Ikishafuliwa huchovywa katika uji mwepesi wa wanga, aghalabu wenye buluu kidogo ili weupe ung'are, kisha huvalishwa juu ya faroma, yaani kalibu ya mti, isije ikanywea. Asiyekuwa na faroma alitumia bakuli au kopo. Kanzu ya Idi nayo ilitiwa wanga na kupigwa pasi ya makaa ingali na unyevu, huku mtu akichunga cheche zisiruke. Kanga ilikuwa kinyume chake: ile mpya hutoka dukani ikiwa ngumu kwa wanga wa kiwandani, na bibi aliifua kwanza ili ilainike mwilini. Aliyejua kutia wanga alijua pia kuutoa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi walitawanyika. Waliokwenda Oman walikuta kumma, inayofanana sana na kofia yetu, na ufundi wao ukapata kazi. Sisi tuliokuja huku tulikuta jua haba, kofia ikawa ya Ijumaa na ya Idi tu, na dukani kukawa na mkebe wa wanga wa kupulizia. Mkebe ukaingia nyumbani, sufuria ya wanga ikatoka, na bibi akanyamaza. Yule Dinghen alitoza fedha, habari zake zikaandikwa. Mabibi zetu walifundisha bure, nasi hatukuandika kitu.

Basi na tuandike. Chukua kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kuzidishia mchuzi uzito, si unga wa sima. Ukoroge katika maji baridi robo kikombe mpaka usiwe na madonge. Chemsha maji kiasi cha nusu lita, mimina humo ule wanga huku ukikoroga, uache utokote dakika moja. Wanga katika maji baridi hutuama tu. Maji yakipita moto wa digrii 60 hivi, chembe zake huanza kuvimba na kuwa uji, na uji huo ukikauka hushikamanisha nyuzi za nguo. Uache upoe, uchuje kwa kitambaa, utie katika chupa ya kupulizia. Ukiwa mzito mno, ongeza maji. Katika friji hukaa kiasi cha wiki moja. Tikisa kabla ya kutumia, na ukinuka uchachu umwage.

Pulizia kanga, ngoja kidogo inywe, kisha pasi. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe, maana kuburuta ndiko kunakovuta nguo. Ikikauka itakuwa kama karatasi, na mkasi utakwenda sawa. Mfarishi ukishakamilika ufue wanga utoke, kwani wadudu huula, na huila na nguo pamoja nao. Ndiyo sababu wazee hawakuweka sandukuni nguo ya kuhifadhiwa ikiwa na wanga.

Kipimo hiki ni cha nyumba moja tu. Wapo wanaoapa kwa muhogo, na wapo wasiotaka ila maji ya wali. Waulizeni wazee wenu kabla ya Idi, mkiwa nao jikoni na sufuria iko motoni, kisha muandike majibu yao pembeni mwa ukurasa huu. Mungu awarehemu waliotangulia na awape umri walio hai. Wabillahi tawfiq.