Vichwa Kumi na Kimoja

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri mchi unaanza. Tu, tu, tu, juu ya kichwa changu, halafu kimya cha sekunde chache mtu anapokusanya kilichoruka nje ya kinu, halafu tena tu, tu, tu. Baada ya hapo miguu ya watoto inakimbia kuelekea bafuni, ndoo inaburutwa, mlango unabamizwa. Saa kumi na mbili kamili mimi naoga macho yakiwa mekundu, naenda kazini.

Naishi Upanga, Dar es Salaam, katika jengo la ghorofa lenye fleti ishirini na nne. Kila fleti ina mwenyewe. Ya kwangu ni ya ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na bado naidaiwa. Mwaka uliopita wamiliki wenzangu walinichagua kuwa katibu wa chama chetu, kwa sababu ndiye niliyekuwa sijafikisha miaka arobaini na nilikuwa na kompyuta. Ndivyo malalamiko ya jengo zima yalivyohamia kwenye simu yangu.

Malalamiko makubwa yalikuwa ya ghorofa ya nne. Kelele zilikuwa kilio changu na cha mzee anayekaa chini yangu, maana hata kwake zinafika. Wengine walilalamikia maji. Bili ya maji tulikuwa tunaigawa sawa kwa sawa kwa kila fleti. Mjane wa ghorofa ya kwanza anayeishi peke yake alilipa sawa na fleti ya juu yangu, ambako mlinzi alituhakikishia wanalala watu kumi na mmoja. Aliwahesabu wakitoka asubuhi.

Nikaandika rasimu ya kanuni. Nakiri niliiandika kwa raha: "Fleti ya vyumba viwili haitakaliwa na watu zaidi ya watano." Haikumtaja mtu. Haikuhitaji.

Nguvu ya kuandika kitu kama hicho inatoka mbali kidogo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria iliyowezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, huku ngazi, paa, tangi na uwanja vikibaki mali ya wote. Kabla ya hapo, ghorofa lilikuwa na mwenye nyumba mmoja na wapangaji wake, na ugomvi wa majirani uliamuliwa na aliyeshika risiti za kodi. Sheria mpya ilitaka wenye sehemu waunde chama, wachange gharama, wajiwekee kanuni. Kwa maneno mengine, ilitufanya sisi tusiofahamiana kuwa serikali ndogo ya ngazi na mabomba.

Jumapili moja nikamsomea mama rasimu ile. Nilitegemea anipongeze, kwa kuwa alikuwa amelala kwangu usiku mmoja na kuusikia mchi kwa masikio yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa sisi wangetutoa mwaka gani?"

Sikuelewa. Akaanza kunihesabia.

Babu yangu, baba yake mama, alikuja Dar es Salaam miaka ya hamsini kufanya kazi bandarini. Alifikia Kariakoo, katika chumba cha mtu wa kijijini kwao. Mji aliouingia ulikuwa umepimwa na kugawanywa zamani. Waingereza, wakifuata njia iliyoanzwa na Wajerumani, waliugawa katika kanda tatu katika miaka ya 1920. Ukisoma kanuni zenyewe, kanda zilitofautishwa kwa aina ya nyumba, siyo kwa rangi ya mtu: huku nyumba za kizungu zenye viwanja vipana, hapa nyumba za makazi na biashara, kule nyumba za miti na udongo. Lakini kila mtu alijua. Watu wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Uswahilini wakubwa wakaacha uwanda mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya.

Niliposikia hayo nikaikumbuka kanuni yangu, ile isiyomtaja mtu.

Nyumba ya Kariakoo alimokaa babu ilikuwa ya mtindo tunaoujua sote: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, mbele baraza, nyuma uani penye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, kimoja kimoja. Mwaka 1956 na 1957 ofisa wa serikali ya kikoloni, J.A.K. Leslie, aliuzunguka mji akichunguza maisha ya wakazi wake, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1963. Humo nyumba hizi ndizo zilizoubeba mji. Mgeni hakufika Dar es Salaam. Alifika kwa ndugu, kwa mtu wa kabila lake, kwa rafiki wa kaka yake, na huko ndiko alikolala mpaka apate kazi.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu yake. Mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo, nyumba zilikuwa chache, na badala ya kuanza na hayo mawili, ilianza na watu. Sheria ya mwaka 1944 iliipa mamlaka uwezo wa kuwaondoa mjini watu iliyoona hawatakiwi. Walioitwa wahuni walikamatwa na kurudishwa makwao. Neno lenyewe lina historia ya kusikitisha: mhuni alikuwa mtu asiye na mke wala makazi ya kueleweka, yaani kwa kipimo hicho babu yangu wa miezi ya kwanza alikuwa mhuni kamili. Mama anasema babu alilala na cheti cha kazi chini ya mto hata baada ya Uhuru.

Halafu ikaja zamu yetu ya kupanda ghorofa. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na wapo waliopoteza kwa siku moja kile walichokijenga kwa maisha yao yote. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 kazi zake zilikabidhiwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa Msajili huyo kaka mkubwa wa mama, karani wa wizara, alipata fleti katikati ya mji.

Alipata fleti yeye, mke na mtoto mmoja. Baada ya mwaka walikuwa tisa. Mama alikuwa mmoja wao, binti aliyeletwa asome. Wifi yake alitwanga kisamvu jikoni kama alivyotwanga maisha yake yote, ila safari hii chini ya kinu hapakuwa na ardhi. Palikuwa na chumba cha kulala cha bibi mmoja wa Kihindi, aliyekuwa anakaa humo tangu jengo likiwa la shemeji yake, na sasa analipa kodi kama wao.

"Alikuwa anagonga dari kwa ufagio," mama alisema. "Sisi tunacheka. Tunamwambia mjomba wako, yule bibi anacheza ngoma. Wala hatukuwahi kujiuliza kama analala."

Kuna jambo moja zaidi ambalo mama alilisema kwa haraka. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, wasioweza kuonyesha kazi walikuwa wanachukuliwa mjini na kupelekwa mashambani. Mtoto wa baba yake mdogo, aliyelala sebuleni katika fleti ile, alikuwa hana kitambulisho. Kwa wiki tatu hakutoka nje. Aliyejua yumo humo ndani, na hakusema, ni bibi wa chini.

Nilirudi Upanga na rasimu yangu kwenye begi. Nisingependa mtu adhani nilirudi nimekuwa malaika. Kesho yake saa kumi na dakika arobaini mchi ulianza, nami nikatukana. Historia haizibi masikio. Mtu aliyenyimwa usingizi miezi minne ana haki ya kulalamika hata kama babu yake alilala watu sita chumba kimoja.

Ila nilianza kuona kwamba nilikuwa nimefunga mambo mawili katika kifurushi kimoja. Kelele ni jambo moja, idadi ya watu ni jambo jingine. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na watu wengi kuliko fleti yoyote ya jengo letu, lakini ilikuwa na uani wa kutwangia na baraza la kukalia, na watoto walikimbia juu ya udongo. Ghorofa lilichukua maisha yale yale likayapandisha juu, likasahau uani. Jiko la jirani likawekwa juu ya kitanda changu, katikati zege la inchi chache. Na tuliokuwa tunaandika kanuni, mimi wa kwanza, tulifanya kama wakubwa wa 1944: kuhesabu vichwa ni rahisi kuliko kuuliza vimefikaje.

Nikapanda ngazi kuuliza. Miezi minne nilikuwa namwandikia barua za chama, sikuwahi kubisha mlango wake.

Alifungua mama wa makamo, nikamwamkia, akanikaribisha ndani. Sebuleni magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yamefunikwa kanga. Nikaeleza kilichonileta, bila kupindisha. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, pole. Ungekuja mapema."

Fleti ni ya kaka yake aliye nje ya nchi. Yeye na wanawe ni watano. Waliobaki ni wagonjwa na wauguzaji. Kutoka jengo letu hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ni mwendo wa miguu, na ukoo mzima, kutoka mkoani, unajua hivyo. Anayekuja kwa matibabu au upasuaji analetwa na mtu, na yule mtu anahitaji pa kulala, wiki tatu, miezi miwili. Mchi wa alfajiri ni karanga za uji wa mgonjwa, upelekwe saa za kuona wagonjwa zikifunguliwa.

"Niwaambie wakalale wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka jibu.

Kikao kilifanyika Jumamosi, kwenye maegesho, viti vya plastiki. Niliomba ajenda igawanywe. Ya kwanza, kelele: hakuna kutwanga wala kuburuta vitu ndani ya fleti kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na sehemu ya nyuma karibu na tangi isafishwe, iwekwe taa, iwe uani wa wote. Ikapita bila ubishi. Ya pili, maji: kila fleti ifungiwe mita yake, kila mtu alipe anachotumia. Ikapita, baada ya ubishi mrefu kuhusu bei ya fundi. Ya tatu ilikuwa kanuni ya watu watano, mwandiko wangu mwenyewe. Nikasimama kuipinga.

Mzee wa ghorofa ya pili alinitazama kama mtu aliyeuzwa. "Katibu," alisema, "wewe umepanda juu ukanywa chai. Mimi nina presha, daktari anasema nilale. Hao watu wakizidi kumi na tano nao utatuletea historia?" Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Nilisema tu kwamba tukianza kuhesabu watu, tutahitaji mtu wa kusimama mlangoni kuhesabu, na siku moja atahesabu wa kwetu. Tisa waliitaka kanuni ile. Kumi na mmoja tuliikataa.

Sasa mchi unapigwa chini, nyuma ya tangi, juu ya ardhi. Naamka bado muda ule ule kwa mazoea, nausikia kwa mbali, narudi kulala. Watoto wanakimbia kama kawaida. Mwezi wa kwanza wa mita, bili ya maji ya fleti ya juu ilikuwa karibu mara nne ya yangu. Yule mama aliipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la simu pamoja na risiti ya malipo, bila neno lolote.

Mzee wa ghorofa ya pili tukikutana kwenye ngazi namwamkia. Anaitikia, lakini hasimami.