Dhoruba za ziwa (Simiyu)

Dhoruba za ziwa ni mvua za radi, pepo kali na mara nyingine mvua ya mawe, zinazozaliwa na tofauti ya joto kati ya maji ya Ziwa Viktoria na nchi kavu inayolizunguka. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, wilaya pekee inayogusa maji ni Busega, kwenye Ghuba ya Speke. Mbali na maji, Kata ya Kimali iko Meatu, wilaya ya mkoa huohuo ambayo makao yake makuu, Mwanhuzi, yako zaidi ya kilomita 100 kutoka ufukweni.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Upande wa mashariki hukutana na upepo unaotoka mashariki, na hapo hewa hupanda na mawingu kujengeka alasiri. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, radi zikapiga juu ya vichwa vya wavuvi. Dhoruba hizo husukumwa kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba, kwenye ufuko wa magharibi, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku Musoma, ng'ambo ya pili ya maji yaleyale, ikiwa haifikii nusu ya kiasi hicho. Kwa mvua hizo, Meatu imekaa pabaya, upande ambao dhoruba hazielekei.

Tofauti ya joto, safari hii kati ya maji na hewa inayopita juu yake, ndiyo inayoleta pia theluji ya ziwa Amerika Kaskazini. Hewa ya baridi kali ikipita juu ya maziwa makubwa ambayo bado yana joto la kiangazi, hubeba mvuke na kuumwaga upande wa pili kama theluji. Hali hiyo huhitaji hewa iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi iwe baridi kuliko maji kwa nyuzi 13 au zaidi. Buffalo, mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie, ni miongoni mwa miji inayoumia sana: Novemba 2022, vitongoji vyake vya kusini vilifunikwa na takriban mita 2 za theluji. 

Simiyu haina kipupwe cha namna hiyo. Baridi ya Juni na Julai ni ya alfajiri tu, nayo huja na upepo mkavu wa kusini-mashariki na vumbi. Kinachokaribia theluji ni mvua ya mawe, maana juu ya mita 5,000 hivi hewa ya kitropiki nayo huwa na baridi ya kugandisha maji. Kwanza mlio mmoja mmoja juu ya bati, kisha kelele ya kuzima mazungumzo. Ikikatika, watoto hukimbilia nje kuokota mawe na kuyatafuna. Mwenye pamba hana hamu ya kutafuna chochote: majani yamechanika na vitumba viko chini. Zao hilo ndilo uti wa mgongo wa mkoa, na dakika kumi humtosha mkulima kupoteza kazi ya miezi.

Barafu ya kudumu iliyo karibu zaidi na Kimali iko karibu na kilele cha Kibo, Kilimanjaro, chenye kimo cha mita 5,895, na hiyo haitokani na ziwa lolote.